Flashi ya bei ya chini: ununue au uiache dukani?

Haipiti wiki bila mtu kusimama mbele ya meza yangu hapa Ngamiani, Tanga, barabara ya 12, ana flashi mpya mkononi, anauliza mbona kunakili hakuishi. Shughuli yangu ni kurusha nyimbo na kunakili video za harusi, kwa hiyo nimezishika za kila aina. Zile za bei ya chini zinazojikokota bado zina kazi yake, tena kazi nzuri: nyimbo, na karatasi za kwenda kuchapisha. Nje ya hapo zitakuliza.

Nazipanga hivi, nikianza na ile ninayompa mtu mwenye hela ya flashi moja tu.

1. GB 64 ya USB 3, ya kampuni inayojulikana

Mwaka jana alikuja mama mmoja kutoka Pangani kuchukua video ya harusi ya binti yake. "Mwanangu, nifanyie haraka, gari lisiniache." Video ilikuwa GB 12, na flashi aliyokuja nayo ilikuwa ya bei poa, inaandika megabaiti 5 kwa sekunde. Piga hesabu mwenyewe: ni dakika 40. Dakika ya thelathini na kitu umeme ukakatika, na betri ya kompyuta yangu ilishakufa zamani. Faili lililokatikia njiani halifunguki, ni kuanza upya. Mama wa watu akaondoka mikono mitupu, ikabidi arudi siku ya pili kwa nauli nyingine. Kwa flashi inayoandika megabaiti 60, kazi ileile ni dakika tatu na ushee.

Ukiwa dukani, ichungulie mdomoni. Flashi ya USB 3, yaani aina yenye kasi kuliko USB 2, mara nyingi ina plastiki ya bluu ndani, na ukiangalia vizuri ina safu mbili za vipande vya chuma: vinne mbele, vitano nyuma. Ya USB 2 ina vile vinne tu. Lakini usiishie hapo, maana zipo za USB 3 zinazosoma haraka na kuandika kwa kujivuta. Maneno makubwa kwenye pakiti huwa ni ya kasi ya kusoma. Muulize muuzaji kasi ya kuandika, na akikubali, nakili faili kubwa hapohapo dukani.

Mbona nasema 64 na si 32? Kwa sababu ya jambo linalowachanganya watu kila siku. Flashi za GB 32 kushuka chini kwa kawaida huja na mpangilio wa FAT32 (namna flashi inavyopanga mafaili ndani), na huo haupokei faili moja linalofika GB 4. Mtu ana flashi tupu kabisa, anaweka video ya GB 6, inakataa, anadhani ameuziwa mbovu. Si mbovu. Nyingi za GB 64 kwenda juu huja na exFAT, mpangilio mwingine ambao hauna kizuizi hicho. Kama unayo 32 tayari, ifomati kwa exFAT, ila hamisha vilivyomo kwanza kwa sababu kufomati kunafuta vyote. Tena uliza kama televisheni ya nyumbani inaisoma exFAT, maana nyingi za zamani haziisomi. Hapo inabidi video ikatwe vipande, na mimi huwakatia wateja bila kuwatoza zaidi.

2. Ile ya bei ya chini, GB 8 au 16

Ndiyo, naiweka ya pili, na naisimamia. Wimbo wa MP3 wa ubora wa juu kabisa unahitaji kilobaiti 40 tu kwa sekunde ili upige bila kukwama. Hakuna flashi inayoshindwa hapo, hata iwe kobe. Kuingiza nyimbo 500 za megabaiti nne nne ni dakika saba hivi, mteja anakunywa kahawa yake anamaliza. Na kwa vijana wa bajaji flashi ndogo ina faida: redio nyingi za bei nafuu hazisomi exFAT, na nyingine hugoma kabisa ukizidi GB 32. Ukinunua kubwa unalipia nafasi ambayo redio haitaiona.

Kazi yake ya pili ni steshenari. Barua ya maombi ya kazi na nakala ya cheti hazifiki hata megabaiti tano, kasi haina maana hapo. Lenye maana ni kwamba ile kompyuta imeshachomekwa flashi za mji mzima. Kuna virusi vinavyoficha mafolda yako na kukuachia njia za mkato badala yake. Flashi ya kwenda steshenari iwe ya peke yake, yenye nakala tu, ili ikichafuka uifomati bila kuumia roho.

3. Memori kadi na kadirida yake

Kadirida ni kile kifaa cha kuichomekea kadi kwenye kompyuta. Inamfaa mwenye kitochi au spika ndogo ya kubeba. Ni ndogo kama ukucha na inapotea kirahisi, sina zaidi la kuisemea.

4. Flashi ya vichwa viwili

Upande mmoja kompyuta, upande wa pili simu. Nzuri kwa kuhamisha picha simu ikijaa. Jaribu kwenye simu yako kabla ya kulipa, kwa sababu si kila simu inaikubali.

Usinunue kabisa: "TB 2" kwa bei ya GB 16

Hii inaniumiza. Pakiti inasema TB 2, yaani GB 2,000, kumbe ndani kuna GB chache tu, ila imefundishwa kuidanganya kompyuta. Unaijaza, majina ya mafaili yote yanaonekana, lakini vilivyozidi nafasi ya kweli havipo, au vimefuta vya mwanzo. Kijana mmoja aliniletea picha za msiba wa bibi yake: zile za asubuhi zilikuwa salama, za mazikoni nusu yake zilikuwa kijivu kitupu. Sikuwa na la kumsaidia. (GB 16 kuonekana 14.9 kwenye kompyuta si wizi, ni namna mbili za kuhesabu.)

Hata nzuri usiifanye sanduku la kumbukumbu pekee. Ikikaa miaka bila kuchomekwa inaweza kupoteza vilivyomo, na hewa yetu ya chumvi inaleta kutu kwenye chuma. Ifunike, na uwe na nakala pengine.

Ukinunua, ijaze mpaka mwisho usiku huohuo, kisha ufungue mafaili uone kama yote ni mazima. Programu ya H2testw ya Windows ni ya bure na inafanya kazi hiyo yenyewe, ingawa GB 64 kwenye flashi ya megabaiti 5 kwa sekunde itachukua zaidi ya saa tatu kuandika tu. Flashi ikionekana ya uongo, irudishe asubuhi pamoja na risiti, muuzaji akiwa bado anaikumbuka sura yako.