TAHADHARI: Wapambe kwenye minada ya nyumba Dar es Salaam

Ndugu zangu mnaotafuta nyumba za mnada, nisomeni kabla hamjabeba hela. Nusura mimi na mume wangu tutoe milioni 22, hela ya kikoba na mkopo wa kazini, kwa sababu ya mpambe, mtu ambaye hakuwa mnunuzi kabisa.

Nyumba ipo Tabata, vyumba vitatu, mkopo ulimshinda mwenyewe. Bei ilianzia milioni 50. Sisi tulikubaliana nyumbani kwamba mwisho wetu ni 75. Walikuja watu kama thelathini, lakini waliotaja bei hawakuzidi watano, na tulipofika 62 tukabaki wawili: sisi na kaka mmoja wa shati jeupe, bahasha ya kaki mkononi. Tukitaja, anaongeza milioni moja hapohapo. Hakupiga simu wala kumnong'oneza mtu. Nikikumbuka sasa, hakuiangalia hata nyumba, macho yake yalikuwa kwa dalali muda wote. Mume wangu akisita, na yeye anatulia, dalali anatubembeleza, "Mheshimiwa, usiiache nyumba kwa milioni moja." Presha ikatupanda, tukaivuka 75 yetu, tukafika 88. Yule akasema 89. Tukaacha. Nyundo ikagongwa kwake.

Jioni simu ikaita, ni dalali. "Dada, mshindi amekwama kulipa. Nyie ndio mnaofuata. Leteni asilimia 25 ya ile 88 yenu kabla ya saa nne asubuhi, kuna mwingine anaitaka." Nilipiga vigelegele, nawaambia ukweli.

Kilichotuokoa ni mume wangu kutaka kwanza kuwauliza majirani kama eneo linajaa maji. Mama mwenye genge mkabala na nyumba akamwuliza, "Yule wa bahasha? Si alishuka kwenye gari la dalali? Walikunywa supu hapa pamoja kabla hamjafika."

Ndiyo kazi ya mpambe. Hayupo pale kununua, yupo kukupandisha wewe. Nyundo ikimwangukia kwa bahati mbaya, "anakwama kulipa", halafu unapigiwa simu ulipe bei ambayo yeye ndiye aliyeipandisha.

Kwa hiyo nyundo ikishagongwa, msiondoke. Kwenye mnada wa mahakama, aliyeshinda anatakiwa kulipa asilimia 25 palepale, na akishindwa nyumba inanadiwa upya papo hapo. Salio analimaliza ndani ya siku 15. Minada ya benki nayo kwa kawaida hutangaza asilimia 25 papo hapo na salio ndani ya siku 14. Sasa yule wetu alipeana mikono na dalali, akaweka bahasha kwapani, akaondoka. Hakuna hundi wala risiti tuliyoiona. Pale ndipo tulipotakiwa kuuliza kwa sauti, mbele ya watu: amelipa?

Mkipigiwa simu ya "nyie ndio mnaofuata", msipeleke hata shilingi. Nendeni wenyewe benki, au mahakamani kama ni amri ya mahakama, mkaulize kama mnada ule ulikuwepo na umeishaje. Ulizeni pia lilipobandikwa tangazo. Sheria inataka mnada wa ardhi utangazwe siku 14 kabla, kwenye mji mkuu wa wilaya na hapohapo unapofanyika.

Na wewe ambaye nyumba yako ndiyo inauzwa, kuna wapambe wa upande wa pili. Hao hukubaliana kunyamaza ili mwenzao aichukue kwa bei ya kutupa. Ikiuzwa na benki chini ya bei ya soko kwa asilimia 25 au zaidi, Sheria ya Ardhi inakupa pa kusimamia. Muone wakili mapema, usikae kulia ndani.

Sisi hatukulipa. Nyumba imetangazwa tena. Kama na wewe unaitaka, fika asubuhi na mapema, kaa pale kwenye genge, uangalie nani anashuka na nani.