Shafti ya PTO imeganda: oili au moto?
Wakuu, shafti ya PTO (ile inayopeleka nguvu ya trekta kwenye mashine, ina bomba mbili zinazoteleza moja ndani ya nyingine) ikigoma kuvutika sababu kutu imeshika bomba la ndani na la nje, wengi wanakimbilia moto wa gesi. Kweli moto ni fasta, bomba la nje likipata joto linatanuka na kutu inaachia, ila unaunguza grisi na sili za krosi (viungo vya shafti vinavyopinda), na kava la plastiki lazima ulitoe kwanza. Mimi naenda na oili ya kulegeza kutu, unamwaga unaacha ilale mpaka asubuhi, kisha unagonga taratibu na nyundo huku mwenzako anavuta, inachosha lakini chuma kinabaki salama. Moto uwe wa mwisho kabisa, na usipashe wakati oili bado inachuruzika, itawaka! Ikitoka piga msasa, paka grisi, na grisi hiyo rudia kila baada ya saa 8 za kazi.