Bati za mfuko wa jimbo: nawapa nyota 3, na ya tatu ni ya yule bibi

Wadau habari zenu. Watu wengi wananifuata inboksi kuuliza ule msaada wa mfuko wa jimbo kama kikundi kinaweza kupata na kama ni kweli hauna marejesho, nimeona niandike hapa mara moja maana kujibu meseji moja moja nachoka. Mimi ni katibu wa kikundi cha akina mama, tupo 22, tunasindika muhogo huku Pwani, makopa na unga. Bati tumepata, tumeezeka, tupo ndani, kwahiyo naongea nilichokiona sio cha kusimuliwa. Jina la halmashauri wala kijiji sitaji, bado naishi hapahapa na barua zangu zinapita kwenye meza zilezile.

Kwa asiyeujua, huu mfuko upo kwa sheria ya mwaka 2009, jina lake refu ni Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, mbunge ndio mwenyekiti wa kamati na afisa mipango wa halmashauri ndio katibu. Sasa shikeni hapo kwenye kuchochea. Kinachochochewa ni moto ambao tayari unawaka, ukienda na wazo kichwani na kiwanja chenye majani utarudi na majani yako. Sisi tulienda na boma, yaani jengo lisilo na paa, lililofika kwenye linta, ule mkanda wa zege juu ya milango na madirisha. Kiwanja kijiji kilitupa, tofali tulifyatua wenyewe, saruji tulinunua mfuko mmoja mmoja kila tukiuza makopa, hela ikaisha hapo kwenye linta, boma likakaa miaka miwili mpaka mpapai ukaota kwenye kile chumba cha stoo na ukazaa. Picha tuliyopeleka halmashauri ina mapapai, sitanii.

Kingine kilichotubeba ni kliniki. Nesi wa huduma ya mkoba akija kupima watoto alikuwa anatundika mizani kwenye tawi la mwembe hapo pembeni ya boma, mvua ikija kila mtu anakimbia na mtoto wake. Mtendaji wa kata akatushauri, akasema mama zangu hilo jengo msiliandike la kikundi peke yake, andikeni na kliniki na mikutano ya kitongoji maana mfuko unaangalia kitu cha jamii. Tukaandika hivyo, na sio uongo, jengo kweli linatumika hivyo. Kwahiyo kama kikundi chenu kina ukumbi au stoo, angalieni nani mwingine anafaidika halafu mumuandike.

Kwenye kuomba ndio tulikula za uso. Barua inapita kijiji, inaenda kata, Kamati ya Maendeleo ya Kata inaijadili, ndio inafika halmashauri, na unaambatanisha cheti cha kikundi, picha za boma, makadirio ya fundi na muhtasari wa mkutano mkuu wa kijiji. Hapo kwenye muhtasari wakaturudisha, sahihi zipo muhuri upo ila karatasi ya mahudhurio haipo! Na mkutano mkuu haukai kila wiki, ukienda vizuri ni kila miezi mitatu, basi tukakaa miezi mitatu kusubiri karatasi moja. Mtendaji anapoandika muhtasari wenu kaeni hapohapo mhesabu kurasa, na mchukue kopi mkaiweke nyumbani kwa mtu asiyekuwa na watoto wadogo (yetu ya kwanza ilichorewa ng'ombe).

Baada ya hapo kimya. Miezi saba hakuna barua hakuna simu, ukienda unaambiwa faili lipo kwenye mchakato. Halafu siku moja jioni napigiwa, mama katibu mzigo wenu unakuja kesho muwepo. Hivyo tu. Hela hawakupi mkononi jamani, halmashauri inanunua kisha inawaletea vifaa, mimi kwa hilo nawaunga mkono kwasababu hela ingeingia kwenye kikundi sijui kama leo tungekuwa tunasalimiana.

Asubuhi kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo, kikaja na bati. Tuliomba 45, zimekuja 40. Kofia, zile bati za kufunika mgongo wa paa, hamna, kumbe kwenye makadirio fundi wetu alisahau kuziandika, hilo kosa ni letu. Dereva anaharakisha watu, nisainieni nina safari nyingine. Sasa kwenye kamati ya mapokezi tuna bibi mmoja, kusoma anasoma kwa shida lakini kauza duka miaka mingi, akamwambia fundi hebu ligeuze hilo bati nisomee pale palipogongwa maandishi. Fundi akasoma, geji 30. Makadirio yetu na karatasi ya kuagizia zinasema geji 28. Kwa msiojua, kwenye bati namba ikipanda bati linakuwa jembamba, na hapa kwetu na huu upepo wa bahari bati la 30 fundi akilikanyaga vibaya tu linabonyea. Dereva akaanza kubembeleza, bibi shikamoo, mimi nimetumwa tu. Bibi akaitikia marahaba mwanangu, na sisi tumetumwa, tumetumwa geji 28, hizo rudi nazo.

Akarudi nazo kweli. Kuna wenzetu walitukasirikia siku ile, wanasema mmekataa riziki hazitarudi tena, mimi mwenyewe usiku sikulala. Wiki mbili baadae zikaja za 28. Zikawa 40 vilevile, ila hapo tukapokea, na kwenye karatasi ya mapokezi sikuandika namba peke yake, niliandika na kwa maneno, arobaini tu, maana sufuri na nne zinageuka kirahisi zikifika mbele ya safari.

Sasa mkasa mwingine. Bati unazo, mbao huna. Mfuko ulitupa bati basi, mbao za kenchi (fremu ya kubeba paa), misumari, na hela ya fundi ni juu yenu, ndio nguvu za wananchi hizo. Sisi tulijua kwa mdomo ila hatukuwa tumejipanga, bati zikalala kwenye stoo ya kijiji masika yote huku maneno yanazunguka eti akina mama wameshauza. Ikabidi tuanze kuchanga 5,000 kila mtu kila wiki, watu 22 ni 110,000, wiki 13 ndio tukapata 1,430,000 ya mbao na misumari. Kuna wawili walishindwa katikati wakalipiwa na wenzao, bado wanarudisha kwa muhogo. Ningejua, michango tungeanza siku ileile tunapeleka barua, ile miezi saba ya kimya ingetosha na chenji ingebaki.

Kuna aliyeniuliza kwanini hatukuchukua ule mkopo wa vikundi unaotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri. Ule mzuri, hauna riba, katika hizo 10 wanawake wanapata 4, vijana 4, watu wenye ulemavu 2, ulisimamishwa 2023 ukarudi 2024. Lakini ule ni mkopo, marejesho yanakuja na jengo lenyewe halijauza hata kilo moja ya unga. Mkopo sisi tunautaka kwa ajili ya mashine ya kusaga, paa hapana. Nyie wenye biashara inayozunguka kila siku hesabu yenu inaweza kuwa tofauti.

Nyota sasa. Moja kwasababu ni msaada kweli, hakuna mtu aliyekuja kudai marejesho wala kuomba cha juu, kwetu sisi lakini, kwa wengine siwezi kuapa. Moja ya bati zenyewe, zile za 28, nzuri. Ya tatu nampa bibi wa mapokezi ingawa yeye sio wa serikali. Mbili nimezizuia, moja kwa ule ukimya wa miezi saba, meseji moja tu ya kusema ombi limepita ingewagharimu nini? Nyingine ni kwa zile bati tano ambazo hadi leo hakuna aliyenieleza.

Na hizo tano mjue ndio za upande wa stoo. Tuliezeka ukumbi na kiofisi, mizani ya nesi inaning'inia kwenye kenchi sasa, stoo tukaweka turubai. Mpapai tulisema tutaukata siku bati zikitimia, kwahiyo bado upo, wiki iliyopita umetoboa turubai.