Westi ya shaba kwenye sinki la bibi, Ngamiani: uzoefu wangu wa miezi saba

Nyumba ya bibi hapa Ngamiani, Tanga, ni ya zamani, na sinki la bafuni ni lile zito la kauri ambalo sikutaka ling'olewe. Tatizo lilikuwa chini yake: kila aliyetia udhu aliacha kidimbwi sakafuni.

Nilichutama na tochi ya simu. Westi, yaani kile kipande chenye kichujio kinachoshika tundu la sinki na bomba la chini, ilikuwa imeliwa. Nilipoigusa nati kwa kidole ilimomonyoka, ikaniachia unga wa kijani.

Kwanza nilinunua ya plastiki iliyopakwa rangi ya fedha, shilingi 4,000. Miezi miwili tu nati ikapasuka. Lakini hata kabla haijapasuka ilikuwa inavuja, na sikujua kwa nini mpaka nilipompata fundi bomba, mzee mmoja mtulivu. Aliniuliza, "Mwanangu, sinki lako lina tundu la juu?" Ninalo, lile la kuzuia maji yasifurike. Maji yanayoingia pale hushuka ndani ya ukuta wa sinki na lazima yapate njia ya kuingia kwenye westi. Yangu ilikuwa nzima ubavuni, haina matundu, kwa hiyo maji yalikwama pale na kujipenyeza kwenye uzi wa nati. Ukienda dukani, itazame ubavuni: sinki lenye tundu la juu linataka westi yenye madirisha mawili.

Tukachukua ya shaba, inchi moja na robo, kwa shilingi 22,000. Usikubali kuuziwa ya inchi moja na nusu, hiyo mara nyingi ni ya sinki la jikoni.

Nati ya zamani iligoma kabisa. Fundi hakuilazimisha, maana kauri ikipasuka imekwisha. Aliikata taratibu kwa msumeno wa chuma huku amekinga sinki kwa kitambaa. Akapaka silikoni chini ya mdomo wa westi, akaweka washa ya mpira kwa chini, akazungushia tepu nyeupe kwenye uzi, akakaza kwa mkono na kumalizia kidogo tu kwa spana. Alituzuia kulitumia mpaka kesho yake. Asubuhi tulijaza sinki mpaka maji yakaingia tundu la juu, nikapitisha karatasi ya chooni kuizunguka nati yote. Ikatoka kavu.

Leo ni mwezi wa saba na sakafu ni kavu. Nina malalamiko mawili: mng'ao umeanza kuwa na madoa, hewa ya bahari haina huruma, na kizibo cha mpira kilichokuja nayo kimekakamaa, hakishiki maji. Hicho nimenunua kingine kwa shilingi 1,000.