Kukaguliwa Escudo ya zamani Chake Chake kabla ya kununua: uzoefu wangu

Fundi niliyemtumia anafanya kazi zake Machomanne, na huduma yake ni kukagua gari kuukuu kabla hujatoa pesa. Nimeridhika naye sana. Gari nyingi za mtumba zinateremshwa Mkoani zikiwa na rangi mpya na vitambaa vipya vya viti, na saa ya kilomita si ya kuaminiwa. Habari yote iko chini ya gari.

Yangu ilikuwa Suzuki Escudo ya mwaka 1996, ile ya chasisi, foo wili ya kutia kwa mkono. Usipoitia, inasukuma kwa magurudumu ya nyuma. Ukitoa mguu kwenye mafuta kisha ukakanyaga tena, nyuma kunagonga ko! Ukitoka gia ya mbele ukatia rivasi, vilevile. Kila aliyeisikia alisema difu (lile boksi la gia la katikati ya eksili ya nyuma, linalogawa nguvu kwa magurudumu) imekwisha, tafuta difu nyengine. Fundi hakusema neno mpaka alipoingia chini.

Aliiweka pahala tambarare, akatia mawe mbele na nyuma ya matairi, akavuta hendibreki na kuacha gia frii. Akapiga mstari wa chaki, nusu kwenye flanji ya difu (kile kisahani kinachofungiwa propela), nusu kwenye nyumba ya difu yenyewe, kisha akaizungusha propela, ule mhimili unaoleta nguvu kutoka giaboksi, kwa mikono miwili huku na huku, tukatazama mistari inaachana kiasi gani.

"Mwanangu, difu lazima icheze kidogo," aliniambia. "Isiyocheza kabisa inajichoma."

Na ndivyo ilivyo. Meno ya kraunwili (gia kubwa ya difu) na pinioni (gia inayoizungusha) yanataka nafasi ya kupita oili, kwa kawaida kama milimita 0.1 hadi 0.2. Hapo hujahesabu gia ndogo za ndani wala meno ya eksili, nazo kila moja ina uwazi wake. Tena pinioni inazunguka mara kadhaa kwa kila mzunguko mmoja wa kraunwili, kwa hiyo mchezo unaouona kwenye flanji ni mkubwa kuliko ule wa ndani. Watu wengi hutishika hapo, wakanunua difu bure.

Krosi, kile kiungo cha msalaba kwenye ncha za propela kinachokaa baina ya uma mbili, ni jambo jengine. Krosi haitakiwi kucheza hata chembe. Alishika uma huu kwa mkono mmoja na uma wa pili kwa mkono mwengine, akavipindua kinyume, nami nikamulika tochi. Ya mbele ilitulia. Ya nyuma, kikombe kimoja cha beringi kilikuwa kinatikisika tunduni, na pembezoni mwake pametapakaa vumbi jekundu, laini kama mdalasini uliosagwa. Hiyo ni kutu ya sindano za beringi zilizokosa grisi. Kwa gari inayoteremshwa ufukweni kupakia samaki, mimi sishangai.

Hakuishia hapo. Alitazama mauntini (raba zinazoshikilia) za injini na giaboksi, maana zikichoka nazo hugonga vilevile. Akafungua nati ya chini ya difu, ile yenye sumaku. Tope laini la kijivu si tatizo, ila vipande vya chuma ni hatari. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia. Difu iliyopata moto ikitumbukizwa ghafla kwenye maji ya mvua au ya bahari, hewa ya ndani hupoa na kusinyaa, nayo ikayavuta maji kupitia kipumulio, kile kitundu cha hewa cha difu. Yetu ilikuwa nyeusi ya uzee tu.

Tukapanda njia ya Wete, yenye vilima vya kutosha kusikiliza. Mlio unaokuja ukikanyaga mafuta na kukatika ukiachia, mtuhumiwa ni pinioni. Mvumo unaozidi ukikata kona, tazama beringi za magurudumu. Ukikata kulia, ya kushoto ndiyo inayolemewa. Yetu haikulia wala kuvuma.

Muuzaji alipunguza bei, nikabadilisha krosi tu, na ule mlio wa kugonga ukaondoka. Kimebaki kisauti kidogo wakati wa kutia rivasi, na huo ni mchezo halali wa difu.

Kasoro za huduma zipo. Haandiki chochote, kwa hiyo nenda na daftari lako. Hana kile kipimo cha saa cha kupimia meno, na alinambia wazi kwamba kipimo cha hakika hakipatikani bila kuifungua difu. Ukaguzi unakula asubuhi nzima. Nililipa shilingi 30,000, na kwangu ni haki yake.

Ukimwita muuzaji alete gari, mwambie asiioshe chini. Lile vumbi la krosi na alama za oili kwenye sili ya pinioni huondoka na maji ya pampu.