Pingili za Mnyororo wa Kifaru: Ununue Zipi Ukiwa Kisumu?

Kabla ya kutoa hela, kagua magurudumu ya kifaru chako, yaani modeli ya kifaru cha vita unayoiunga mwenyewe. Tiger I na T-34 havina roli za juu, vile vigurudumu vidogo vinavyobeba sehemu ya juu ya mnyororo. Mnyororo hulala juu ya magurudumu yenyewe na kulegea kati ya moja na jingine. Hapo ndipo pingili moja moja, zinazounganishwa kwa mkono, zinapostahili gharama. Panzer IV yenye mabati ya ubavuni huficha sehemu yote ya juu, basi hela hizo nunulia rangi.

Kwa modeli za 1/35, yaani ndogo mara 35 kuliko kifaru halisi, nafasi ya kwanza naipa plastiki ya kubandika, pingili moja moja, iwe imo ndani ya boksi au inauzwa kando. Ni nyepesi, hivyo gharama ya kuileta kutoka ng'ambo haiumizi, na ikishapakwa rangi ni vigumu kuitofautisha na chuma. Inachodai ni subira. T-34 inataka pingili 72 kila upande, zenye jino na zisizo na jino zikipishana; Tiger I inataka 96. Zikate, zisugue, zipange kando ya rula juu ya masking tepu, kisha pitisha gundi ya majimaji kwenye maungio. Gundi ikishika bila kukauka, zungusha mnyororo kwenye magurudumu na uubonyeze ulale, ukiushikilia kwa vipande vya sponji. Joto la Kisumu huikausha gundi hiyo upesi, kwa hiyo fanya upande mmoja kwa wakati, usiku kukipoa. Na feni izimwe! Pingili ikirukia chini ya kochi, utaelewa kwa nini nakuhimiza ununue seti yenye akiba.

Kikwazo ni gundi yenyewe. Hushika moto, na kuituma kwa ndege kuna masharti makali. Ipate humu nchini kwanza, ndipo uagize pingili.

Ukiikosa, nenda nafasi ya pili: chuma, kama seti za Friulmodel ya Hungaria. Pingili huunganishwa kwa vijiti vya waya, na tone la supaglu kutoka hadiwea yoyote ya mtaani linatosha kuvishika. Uzito wake huulegeza mnyororo bila sponji, na ukisugua ncha kwa msasa laini, chuma hung'aa chenyewe. Lakini matundu mengi lazima uyazibue kwa keekee nyembamba, na uzito huohuo hupandisha gharama ya kusafirisha, VAT ya asilimia 16 ikifuata. Imarisha pia ekseli za plastiki, zisipinde.

Ya tatu ni rezini ya printa ya 3D. Michoro yake ni safi kuliko zote, nayo hukunjika kama mnyororo halisi, ila ni rahisi kuvunjika. Usiiweke dirishani penye jua, na vaa barakoa unapoisugua.

Ya nne ni plastiki ya vipande virefu, yenye pingili moja moja kwenye kona tu. Kama ndicho kifaru chako cha kwanza, anzia hapa, usijali nafasi niliyoipa.

Mkanda wa mpira unashika mkia. Kwenye Sherman, ambayo mnyororo wake hubebwa na roli, unapita bila aibu. Kwenye Tiger hubaki umenyooka juu ya magurudumu bila kulegea, hata ukiushona kwa uzi.