Miche ya kahawa ya vipandikizi: uzoefu wangu hapa Bombo, Uganda

Niseme mapema: miche yenyewe ni mizuri, aliyeniuzia ndiye mwenye la kujibu.

Ni kahawa aina ya robusta ya vipandikizi, yaani iliyooteshwa kwa vipande vya shina badala ya mbegu, zile aina za KR (Kituza Robusta) zilizotoka kituo cha utafiti cha Kituza, Mukono, kwa ajili ya kustahimili mnyauko, ule ugonjwa unaokausha mibuni. Huku Luweero mzee yeyote atakueleza mnyauko ulivyotukausha tangu miaka ya 1990, leo mti huu, kesho ule. Yangu haijanyauka hata mmoja, na imetoa maua mapema kuliko ya mbegu iliyo ng'ambo ya mfereji kwa baba mdogo.

Maua hayo, jamani! Ikipiga mvua ya maana baada ya kiangazi, unakaa kama wiki, kisha asubuhi moja kila kifundo cha tawi kimejaa vishada vyeupe, harufu kama asumini mpaka uani, na nyuki wanavuma kutwa. Siku mbili tatu yamekuwa kahawia. Baada ya hapo ni subira tu, kwani robusta huchukua miezi 9 hadi 11 mpaka tunda liive jekundu.

Sasa lawama. Nilimwomba muuzaji anichanganyie aina, akanipakilia aina moja tupu, vibao vya aina kwenye miche vyote namba ileile. Robusta haijichavushi yenyewe, na vipandikizi vya mti mmoja ni mti uleule. Shamba la hivyo litakupa maua tele, buni haba. Nilirudi, tukabishana weee, akanibadilishia nusu. Tena mingine ilitolewa kivulini moja kwa moja bila kuzoeshwa jua, ikababuka majani.

Jingine ambalo hakulitaja: kipandikizi hakina mzizi mkuu. Kiangazi cha kwanza kinataka maji na matandazo, ila matandazo yasiguse shina.

Bei inazidi ya miche ya mbegu, na kwa nafasi ya futi 10 kwa 10 ekari inakula karibu miche 440, kwa hiyo piga hesabu kwanza. Mimi naona imejilipa.

Mvua za Septemba nitanunua mingine, lakini safari hii nachagua mwenyewe kitaluni, kibao kwa kibao. Wakileta maneno, Mukono si mbali.